Msanifu majengo nataka kuhamia usimamizi wa miradi ya ujenzi, nianzie wapi?

mchoro_na_zege

Habari zenu wakuu. Mimi ni msanifu majengo, nimesajiliwa, nipo ofisi ya usanifu miaka kadhaa sasa na kiukweli moyo umeshahama. Kuchora bado napenda, ila nimekuja kugundua siku ninazorudi nyumbani nikiwa na raha ni zile za saiti, pale fomeni anakuja na swali, mtu wa umeme ana lake, fundi bomba ana lake, na inabidi mtu mmoja aamue kabla gari la zege halijafika. Siku za ofisini nakaa kwenye Revit (programu ya kuchorea) narekebisha jedwali la milango kwa mara ya ngapi sijui kisa mteja kabadilisha mawazo, jioni inafika sielewi nimefanya nini.

Sasa nataka kuwa PM (meneja wa mradi) kabisa, sio kusindikiza. Kinachonikwaza ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia lake, huyu anasema rudi shule usome masters, yule anasema kachukue cheti cha PMP miezi michache umemaliza, mwingine anasema wakandarasi hawamtaki msanifu kwasababu wanamuona ni mtu wa rangi na vioo tu hajui gharama. Nimeona tangazo la kazi wanataka mtu anayejua Primavera (programu ya ratiba), FIDIC (mikataba ya kimataifa ya ujenzi) na udhibiti wa gharama. Katika hayo matatu FIDIC naijua kwa kuisikia kwenye vikao, Primavera nimewahi kuiona kwenye kompyuta ya mtu, na gharama ni kazi ya QS (mkadiriaji majengo) siku zote.

Halafu kingine, nikienda huko nikajuta, njia ya kurudi kwenye usanifu ipo au ndo imetoka hiyo? Naombeni mawazo hasa ya waliopita njia hii. Nawasilisha.

---

kamba_na_timazi

Karibu upande wa vumbi mkuu. Mimi nimetoka huko huko kwenye usanifu na sasa nipo kwa mkandarasi, kwahiyo nikujibu kwa ninavyoona kila siku.

Kabla ya masters na PMP jiulize kwanza, unataka kuwa PM wa NANI? Watu wanatamka PM kana kwamba ni kazi moja. Kuna PM wa mkandarasi, huyo anaamka na idadi ya vibarua, mitambo, oda za vifaa na faida ya kampuni. Kuna PM wa mwenye mradi, anasimamia wote, msanifu, mainjinia na mkandarasi, na kazi yake kubwa ni maamuzi na hela ya mteja. Halafu kuna kampuni za ushauri zinazokodishwa na mteja kufanya hiyo hiyo kazi. Msanifu anaingia kirahisi zaidi upande wa mteja kwasababu lugha ya vikao anaijua tayari, ila upande wa mkandarasi ndiko utakakojua kwanini vitu vinachelewa. Tangazo lako linanukia mkandarasi, ukiona Primavera imetajwa mwanzo kabisa ujue wanataka mtu wa ratiba.

Kuhusu kudharauliwa saiti, mwanzoni ipo, sikufichi. Inaisha siku utakapoona tatizo kabla halijajengwa. Na hapo ndipo msanifu anawapita wengi, sisi tunasoma mchoro tunaliona jengo, wengine wanasoma mchoro wanaona mistari. Nikupe mfano mmoja wa lifti. Kwenye mchoro umeweka shimo la lifti na vipimo vyake, safi kabisa, umepitisha. Saiti kuta za shimo ni zege, zinamwagwa mapema sana kwenye mradi, wakati lifti yenyewe kwenye akili ya kila mtu ni kitu cha mwisho mwisho huko pamoja na rangi. Sasa kila mtengenezaji wa lifti ana vipimo vyake, upana wa shimo, kina cha chini ya sakafu ya chini kabisa, nafasi ya juu, sehemu za kufungia reli, mwingine anataka chumba cha mashine mwingine hataki. Maana yake mtengenezaji anatakiwa achaguliwe KABLA ya kumwaga zile kuta, yani oda unayodhani ni ya mwakani inatakiwa iamuliwe sasa hivi wakati mteja bado anabishana kuhusu vigae. PM asiyeliona hilo atakuja kuchimbua zege. Msanifu aliyezoea kufikiria jengo zima analiona mapema, ila tu awe amejifunza kurudi nyuma kwenye kalenda: lini inafungwa, toa muda wa kusafirisha, toa muda wa kutengeneza, toa muda wa kupitisha michoro ya kiwandani, ndo unapata tarehe ya mteja kusaini. Ukifanya hivyo kwa lifti, vioo vya nje, jenereta na milango ya moto umeshaanza kazi ya PM hata kama cheo bado hujapewa.

Kitakachokutesa ni kingine, kuamua wakati taarifa hazijakamilika. Mfano kyubu za zege (sampuli za kupima nguvu) za siku 7 zimetoka chini ya zilivyotegemewa, majibu ya siku 28 bado, genge la mbao linataka kufungua slabu ili wapeleke mbao ghorofa ya juu, na kila mtu anakuangalia wewe. Ofisini tungesema tusubiri majibu. Saiti kusubiri nako ni uamuzi na una gharama yake. Unamuita injinia wa miundo mara moja, miti ya kushikilia slabu haiguswi, unauliza mbao nyingine zinapatikana wapi ili genge lisikae bure, unaandika barua siku hiyo hiyo. Hakuna darasa linalokuzoesha hilo, ni kuwepo tu pale.

---

BOQ_haidanganyi

Mimi ni QS, nimefanya kazi na wasanifu wengi waliogeuka PM, wengine wazuri mno, wengine mungu atusaidie.

Wanaofeli wanafeli sehemu moja, wanaendelea kusanifu. Mradi uko ghorofa ya nne PM anasimama kwenye ngazi anasema hapa pangependeza tukipanua kidogo. Mkuu, hiyo "kidogo" ni varieshini (mabadiliko ya kazi ya mkataba), itakuja na bei na muda, na bei za kazi ya nyongeza katikati ya mradi huwa hazina huruma. Ukiwa PM kila neno unalomwambia mkandarasi saiti ni hela, hata ukilisema kwa utani. Jifunze kunyamaza alafu kuandika.

Sasa kuhusu FIDIC, usiogope unene wake. Chukua kitabu chekundu cha FIDIC, lile toleo la 1999 ambalo bado lipo kwenye mikataba mingi, nenda moja kwa moja kifungu cha 20.1. Kinasema mkandarasi akitaka kudai muda au hela anatakiwa atoe notisi haraka iwezekanavyo na isizidi siku 28 tangu alipojua au alipotakiwa kujua kuhusu tukio. Asipotoa, haki yake imekufa, hata kama madai yalikuwa ya kweli kabisa. Toleo la 2017 likapeleka hiyo siku 28 kwa pande zote mbili, mwenye mradi naye akitaka kudai yuko kwenye kamba hiyo hiyo, ipo 20.2.1. Nimeona madai halali kabisa yanakufa sababu PM alikuwa anasubiri "tuongee kiungwana kwanza" na wenzake wakawa wanamjibu kiungwana hivyo hivyo mpaka siku zikapita. Ukiwa kwa mkandarasi unalinda hizo siku, ukiwa kwa mteja unazihesabu.

Baada ya hapo soma vifungu vya malipo, makato ya dhamana na kipindi cha kurekebisha kasoro. Alafu muombe QS wa mradi wako wa sasa ukae naye siku anaandaa valuesheni ya mwezi (tathmini ya kazi ya kulipwa), usiongee, angalia tu anavyokataa kulipa vifaa ambavyo havijafika saiti. Utajifunza udhibiti wa gharama kuliko kozi. Wasanifu wengi wanasaini sertifiketi ya malipo bila kujua ile namba ya chini imetokea wapi, na hilo mimi naliona ni aibu ya fani nzima tusifichane.

---

penseli_HB

Samahani wakuu ila mimi nina mtazamo tofauti. Kila msanifu mzuri akichoka anakimbilia PM alafu tunashangaa majengo yanakuwa maboksi. PM kazi yake siku hizi ni kukata, kata urefu wa dari, kata kivuli cha dirisha, weka kitu cha bei rahisi "kinachofanana". Mleta mada unasema unachoshwa na jedwali la milango, subiri ukutane na kumbukumbu za vikao, ripoti ya wiki, ripoti ya mwezi, barua ya kujibu barua. Makaratasi ya PM ni mengi kuliko ya msanifu. Saiti utaenda ndio, utakaa kwenye kontena unaandika imeili.

Sio kwamba nakukataza. Badilisha ofisi kwanza, nenda ofisi ndogo ambako msanifu mmoja anabeba mradi toka mchoro wa kwanza mpaka funguo, huenda tatizo lako ni ofisi sio fani.

---

mchoro_na_zege

Asanteni sana wakuu, hasa hapo kwenye PM wa nani, sikuwahi kulifikiria. @penseli_HB nimekuelewa na hilo la ofisi ndogo nimelijaribu tayari, nilikotoka kabla ya hapa palikuwa padogo na kitu nilichopenda kilikuwa hicho hicho, vikao vya saiti. Kwahiyo nadhani ni mimi.

Nielezeni kidogo hiyo Primavera na PMP, kipi kianze? Na je nikiwa PM muhuri wangu wa usanifu naufanyaje?

---

mama_wa_saiti

Mdogo wangu, mimi nipo upande wa mwenye mradi, mwanzo nilikuwa msanifu, nikujibu nilivyo navyo.

Kwanza nimjibu kaka penseli. PM kukata vitu vizuri kunatokea, ila mara nyingi tunakata kwasababu mradi ulianza kabla ya wakati wake. Angalia Sydney Opera House, kila msanifu anaijua kwa picha. Msanifu wake Utzon alishinda shindano 1957, kazi ikaanza 1959 kwa msukumo wa serikali wakati yale mapaa bado haijajulikana yatajengwaje. Wakajenga chini, mapaa yalipokuja kupatiwa ufumbuzi ikaonekana nguzo za chini haziwezi kuyabeba, ikabidi zijengwe upya. Bajeti ya mwanzo dola za Australia milioni 7, ikaishia milioni 102, ilikuwa iishe 1963 ikafunguliwa 1973, na Utzon mwenyewe alishaondoka 1966. Jengo ni zuri hakuna anayebisha. Lakini aliyetakiwa kulindwa pale alikuwa msanifu, na cha kumlinda kilikuwa mtu mwenye nguvu ya kusema hatuanzi mpaka paa lieleweke. Hiyo ni kazi ya PM, na msanifu wa zamani anaweza kuisema vizuri kuliko mtu yeyote kwasababu anajua mchoro upi umekamilika kweli na upi umepambwa tu.

Sasa maswali yako. Ratiba ianze kabla ya PMP. Na usianze na programu, anza na karatasi. Chukua mradi mmoja unaoujua, andika kazi kama arobaini hivi, kila moja jiulize inasubiri nini na inachukua siku ngapi, zichoree mishale, alafu tafuta ule mlolongo ambao kazi moja ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja. Nyingine zote zina nafasi ya kupumua. Hesabu hiyo ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Primavera inaifanya haraka tu. Ukishaielewa kwa mkono ukifungua Primavera P6 au MS Project utaona ni vitufe. Ukianza na vitufe utakuwa mtu wa kuchora mistari ya rangi isiyo na maana, na wapo wengi, ratiba nzuri ya kuning'iniza ukutani kumbe kazi hazijaunganishwa, ukisogeza moja nyingine hazitikisiki. Ndo kitu cha kwanza ninachojaribu nikiletewa ratiba na mkandarasi, nasogeza msingi wiki mbili naangalia kama tarehe ya mwisho imehama. Isipohama narudisha.

PMP ni cheti cha taasisi ya PMI ya Marekani, wenye digrii ya miaka 4 wanatakiwa wawe na miezi 36 ya kuongoza miradi na masaa 35 ya mafunzo ndo waruhusiwe kufanya mtihani. Hiyo miezi usidhani huna, kama uliongoza timu ya usanifu na kuratibu mainjinia ni kuongoza mradi, kaa chini uiandike vizuri. Ila elewa PMP haihusu ujenzi peke yake, watu wa kompyuta na wa benki wanafanya mtihani huo huo, hakuna atakayekuuliza nondo. Inakufungulia mlango wa HR, saiti haikusaidii sana. Masters mimi nisingekimbilia sasa hivi, nenda kafanye kazi kwanza ujue unakwenda kusomea nini.

Muhuri, hapa sikiliza vizuri maana watu hawaliongelei. Ukiwa PM husaini michoro. Hata mkandarasi akikwambia "si wewe ni msanifu, tusainie tu hiki kidogo", kataa, kwasababu siku hiyo umebeba jukumu la usanifu ambalo hulipwi na pengine hakuna bima inayokukinga. Usajili wako endelea kuulipia, ndio njia yako ya kurudi hiyo, na uulize bodi yako masharti ya mafunzo ya kila mwaka yakoje kwa mtu asiyesanifu. Na jambo la bima, majengo uliyosanifu zamani yanaendelea kukufuata. Bima nyingi za kitaaluma zinaangalia madai yameletwa lini, sio kosa lilifanyika lini, kwahiyo muulize mwajiri wako kabla hujaondoka kama bima ya ofisi itaendelea kukufunika kwa kazi za nyuma, na akujibu kwa maandishi. Kama ulikuwa unafanya vikazi vyako binafsi pembeni hilo ni la kwako mwenyewe.

---

kamba_na_timazi

Dada umemaliza, hasa hapo kwa "tusainie tu hiki kidogo", nimeshaombwa hiyo. 😂

Niongezee la kuondoka. Usiache kazi ukaanza kuomba PM kutoka ofisini, utaomba sana. Nenda kwa bosi wako mwambie nataka nibebe usimamizi wa mkataba wa mradi mmoja, toka kusaini mpaka kukabidhi. Wasanifu wengi wanakwepa hiyo kazi kwahiyo utapewa bila vita. Huko ndiko kuna maombi ya ufafanuzi kutoka saiti, kupitisha sampuli, maelekezo ya kazi za nyongeza, madai ya muda, orodha ya kasoro. Ukimaliza mradi mmoja namna hiyo una kitu cha kuongea kwenye usaili.

Ila kama unataka kwa mkandarasi, nafasi inayofaa kuingilia ni meneja wa usanifu. Mikataba ya kusanifu na kujenga mkandarasi ndiye anabeba usanifu, anahitaji mtu wa kuwasukuma wasanifu na mainjinia watoe michoro kwa mpangilio wa saiti inavyoihitaji, misingi kwanza, na sio wanavyojisikia wao. Unaingia kwa nguvu yako mwenyewe, unakaa meza moja na wapanga ratiba na QS, baada ya muda unahamia. Cheo unaweza kushuka kidogo ukiingia, hilo ujiandae kisaikolojia, injinia mdogo kwako kiumri atakuwa anakupangia kikao.

---

BOQ_haidanganyi

Na CV yako ibadilishe. Wasanifu mnaandika CV kama maonyesho, picha kubwa ya jengo machweo ya jua. Meneja wa mkandarasi anataka kujua thamani ya mkataba, aina ya mkataba, muda uliopangwa na muda uliotumika, ulikuwa unaratibu watu gani, na madai yaliishaje. Jengo lile lile, maelezo mengine. Ile picha weka ndogo pembeni.

---

penseli_HB

Haya mmenizidi idadi. Mleta mada nenda, ila ukishakuwa PM msanifu akikwambia kivuli cha dirisha kina kazi yake muulize joto la ndani litakuwaje kikiondolewa kabla hujakikata. Gharama ya AC ya miaka 20 haipo kwenye bajeti ya ujenzi ndo maana hamuioni.

---

mama_wa_saiti

Hapo kwenye kivuli nakuunga mkono kaka, na bora uje na namba kwenye kikao, tukipewa namba hatukati.

---

mchoro_na_zege

Nimeongea na bosi leo. Kuna mradi unaanza hatua ya zabuni, amekubali nishike usimamizi wa mkataba, mkataba ni kitabu chekundu cha 1999. @BOQ_haidanganyi zile notisi, siku 28 zinahesabiwa kuanzia barua inapoandikwa au inapopokelewa? Maana mkandarasi mmoja kwenye mradi mwingine aliandika tarehe ya nyuma.

---

BOQ_haidanganyi

Siku zinaanza pale alipojua au alipotakiwa kujua kuhusu tukio, barua ndo inatakiwa iwe imetolewa kabla siku 28 hazijaisha. Tarehe iliyoandikwa juu ya karatasi isikubabaishe, soma kifungu cha 1.3 kuhusu mawasiliano, barua inapelekwa kwa mkono mtu anasaini kuipokea, au kwa posta, au kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa kwenye mkataba. Sasa hivi kabla mkataba haujasainiwa hakikisha hiyo njia ya kielektroniki imejazwa kwenye kiambatisho cha zabuni, imeili gani na ya nani, watu wengi wanaiacha wazi alafu mwaka wa pili wanabishana kama WhatsApp ni notisi. Na nunua daftari la barua zinazoingia, kila barua muda na sahihi.